Rangi za Adui

Mzee alikuwa fundi wa ndege za jeshi kwa miaka thelathini. Alipostaafu, akapofuka. Binti yake akamnunulia ndege ndogo ya kivita ya kuunganisha, vipande vya plastiki ndani ya boksi, mfano wa ile aliyoihudumia vitani. Aliiunganisha kwa kupapasa, wiki tatu nzima, akisugua kila kiungo kwa msasa na kukitia gundi kwa ncha ya kijiti. Rangi ndiyo iliyomshinda. Ikabidi amwombe mkwe wake, mchora mabango, ambaye mzee siku zote alimwita "mpiga chokaa" mbele za watu.

"Kijani na kahawia, tumbo la kijivu. Nembo yetu kwenye mabawa."

"Usijali, baba."

Mkwe aliipaka kwa mkono uliotulia, kazi safi kabisa. Ila rangi zilikuwa za adui, na nembo pia.

Jumapili wakaja wenzake wawili wa jeshini. Mzee akaiinua kwa mikono miwili.

"Mnaionaje?"

Wakatazamana. Mmoja akauma midomo kuzuia kicheko. Mwingine akaaga, eti ana haraka.

"Mbona wamenyamaza?" mzee alimuuliza binti yake walipoondoka.

Binti alimtazama mumewe, aliyekuwa anakunywa chai bila wasiwasi wowote.

"Wameipenda, baba. Wamekosa la kusema."

Uso wa mzee ukachangamka. "Basi iweke pale mlangoni, kila anayeingia aione."

Binti akaiweka.