Sala ya Ndugu Festus Yafika Tel Aviv

Omri, mwimbaji kutoka Israeli, aliialika kwaya yetu ya wahamiaji wa mtaa wa Malvern kwenye studio moja ya mtaa wa Newtown, tumwitikie katika wimbo wake mpya wa mapenzi. Beti moja alipewa Emérite aiimbe peke yake. Emérite husuka nywele kwenye saluni ya barabara ya Jules Street, na nafasi kama hiyo ameililia tangu Bujumbura.

"Kwenu mtu anakuwaje staa?" alimuuliza Omri kwa Kiingereza.

"Niliimba bendi ya jeshi. Kisha mashindano ya televisheni. Nikawa wa pili."

"Jeshi letu lilituchezesha bila muziki," Juvénal, mwimba besi, akatunong'oneza. Emérite akamkanyaga mguu.

Hatuanzi jambo bila sala. Ndugu Festus, mzee wa kanisa, Mkenya anayefanya kazi benki, alikuja mahsusi kutulinda na muziki wa kidunia. Akainua mkono. Wanaume tukavua kofia. Omri, kwa heshima ya Wayahudi wanaposali, akavaa yake.

Festus akaona hicho ni kiburi, akasali ipasavyo.

"Mshushe, Baba, kila atafutaye jina!"

"Mshushe!" tukaitikia kwa makofi.

Sala ikakolea. Emérite akamvuta koti. "Ndugu, malizia basi."

"Dada, unamharakisha Mungu?"

Alipofika kwenye amina, fundi wa studio aligonga kioo: muda umekwisha, kundi lingine liko mlangoni. Omri alikuwa na ndege jioni hiyo. Emérite hakuimba hata neno.

Wimbo ulipotoka, tuliusikiliza saluni kwake. Beti yake ameiimba Omri mwenyewe. Kiitikio ni Festus, juu ya ngoma: "Mshushe, Baba!" Fundi alikuwa amerekodi yote. Sasa vijana wa Tel Aviv wanaucheza kwa kuruka ufukweni, na Omri si wa pili tena. Akatuandikia kwamba anamtaka jukwaani mwenye sauti ile.

Festus alifunga na kuomba, kisha akatutangazia kwamba Bwana amefungua mlango.

"Si wewe uliyeomba watafutao jina washushwe?" Emérite akamuuliza.

"Ajidhiliye atakwezwa, dada," akajibu, akaenda kushonesha suti.

Jumapili iliyofuata Emérite aliomba yeye afungue ibada kwa sala. Aliegemeza simu kwenye Biblia, akabonyeza kitufe cha kurekodi, akafumba macho, akaanza kutubu kwa kuimba, kwa sauti ya kwanza ya kwaya.