Kufuli la Bomba la Mwisho

Kwa maneno ya mshona nguo, ambaye cherehani chake kiko barazani ili mtaa usimpite, maji ya bomba yalitoka meupe kama maziwa. Juzi asubuhi kweupe, anaapa, mama wa nyumba ya mwisho alikinga glasi, akaitazama, akainusa, ikanuka hospitali. Akamwaga. Akaingia ndani, akatoka na kufuli, akalifunga bomba kama mtu anayefunga duka na kuhama mji. Ndipo akasema kwa sauti, ili asikie hata asiyetaka: "Mwambieni huyo wa tangi, mimi simnyweshi mwanangu madawa."

"Na huyo wa tangi si ni wewe?" mshona nguo akamalizia, pini mdomoni.

Msichana aliyesimama mbele yake hakukataa. Alikuwa mtunza tangi, na mama wa nyumba ya mwisho ni dada yake, tumbo moja.

"Glasi aliiacha itulie?"

"Itulie ina homa?"

"Weupe ule ni hewa tu, jirani. Ukisubiri kidogo unaona maji yanang'aa, yanaanzia chini."

"Haya, Bi Klorini. Mimi nasema nilichokiona, hayo ya kusubiri sikuyaona."

Bi Klorini ndilo jina alilopewa tangu alipokabidhiwa funguo za tangi na kufundishwa kutia dawa. Watoto wakimwona huziba pua. Zamani alicheka nao, akawafukuza mpaka kona. Siku hizi hupita tu.

Anaishi peke yake kwenye chumba kilichojengewa chini ya tangi. Maji yakijaa husikia bati likilia juu ya kichwa chake, na mara nyingine hiyo ndiyo sauti pekee inayomwambia neno tangu aamke. Kwenye rafu kuna bakuli la dada yake, lenye mfuniko wa bluu. Dada alikuwa akimletea chakula humo, akikaa mlangoni mpaka amalize, akimsema: "Kula, umekuwa kama mpini wa fagio." Mara ya mwisho liliporudishwa chumbani likiwa na chakula, kisima kilikuwa hakijapimwa.

Kisima chenyewe alikichimba baba yao, kwa mikono yake, nyuma ya nyumba anayokaa dada. Bwana afya alipokipima alikuta vijidudu vya kinyesi. Akaagiza kifunikwe, na aliyepeleka mfuniko wa zege alikuwa huyu mtunza tangi, kwa kuwa ndiyo kazi yake. Dada alimtazama akiuburuta mpaka mwisho. Akasema neno moja tu: "Umemwita baba mchafu." Baada ya hapo hakusema naye tena.

Sasa bwana afya anarudi kesho, na huwa hapimi pengine ila bomba la mwisho. Maji yasiyochotwa hulala kwenye bomba yakachoka, dawa ikapungua mpaka ikaisha. Mara iliyopita, kabla ya kufuli, kidonge cha kupimia dawa kiliyapaka maji rangi ya waridi hafifu, ya kubahatisha. Bwana afya akaonya kwamba yakitoka bila rangi kabisa, atafunga laini nzima. Mtunza tangi alimpigia simu kumwomba apime kwingine.

"Bi Klorini," bwana afya alicheka, "ukipimia mlangoni pa tangi, hata mimi nitafaulu."

Dawa ya tatizo hilo si kubwa. Bomba lifunguliwe, ndoo kadhaa zimwagike, maji mapya yafike. Lakini kufuli ni la dada, na ufunguo uko ndani.

Alasiri alilibeba bakuli, akalifuta kwa upande wa kanga ingawa lilikuwa safi, akaenda. Kandambili za dada zilikuwa mlangoni. Ndani mtoto alikuwa akijisemesha, ba-ba-ba. Alipomwona mara ya mwisho alikuwa hajajua hata kukaa.

"Hodi."

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Dada, ni mimi."

"Mimi wangu yuko tangini anakoroga madawa."

Alitaka kucheka, maana huo ndio utani wao wa siku zote, lakini sauti haikuwa na utani. Akaliweka bakuli kizingitini.

"Nimekuletea bakuli lako."

Ndani mtoto aliendelea na ba-ba-ba yake.

"Dada, sikumwita baba mchafu. Maji yake yalikuwa mazuri. Choo cha jirani kimechimbwa baba ameshazikwa. Baba angejuaje?"

Alisikia miguu ya dada ikivuka chumba. Akasogea mlangoni, akaweka nywele sawa. Lakini miguu haikuja kwake. Mlango uliofunguka ulikuwa wa nyuma. Kisha zege likakwaruza, likiburutwa taratibu na mtu aliyekwisha kuzoea kuliburuta, na ndoo ikagonga maji chini kabisa.

Kwa hiyo maji ya kisima ndiyo anayokunywa mtoto. Miezi yote hii.

Alizunguka mpaka kwenye bomba, kando ya ukuta. Kufuli lilikuwa la moto kwa jua. Akachuchumaa, akaweka sikio kwenye chuma kama anavyofanya kule tangini. Hakuna kilichopita. Kule barazani cherehani nacho kikasimama, kipate kusikia vizuri.

"Dada," aliita, bila kupaza, kwa kuwa ukuta ulikuwa mwembamba na alijua anasikika. "Kesho wakifunga, sawa, wafunge. Sikuombi unywe. Hata kunipikia sikuombi. Mchemshie tu mtoto hayo ya baba, yachemke hasa, ndipo umpe. Umenisikia? Niambie tu umenisikia."

Kamba ya ndoo ilikuwa ikipanda, ikilia kwenye ukingo wa kisima. Ikafika juu, miguu ikarudi ndani. Mtoto akaacha kujisemesha, kama afanyavyo mtoto aliyewekewa kikombe mdomoni.

"Dada?"