Zamu ya Mama

Miaka mitatu mama alikuwa akimwogesha, akimlisha na kumgeuza kitandani bibi wa watu katika nchi ya mbali, na kila alipomvutia shuka mawazo yake yalikuwa kwa kitinda mimba wake, aliyemwacha hajatimiza hata miaka mitatu. Nyumbani walimwita Chiriku, maana mdomo wake ulikuwa haupumziki. Mkataba ulipokwisha mama alirudi mbio, akijua kazi inamngoja: nywele za kusuka, sare za kushona, mtoto wa kufundishwa kusoma.

Hakuna kilichomngoja.

Jumapili ya kwanza, baada ya chakula cha mchana, viti vilisogezwa ukutani na majirani wakaanza kuingia. Mumewe, fundi redio, alimweleza kuwa ndio utaratibu wao siku hizi. Mama alipoondoka, nyumba ilimlemea mumewe. Hakujua hata kushona kifungo. Nesi wa mlango wa pili akamfundisha, naye akamwonyesha nesi namna ya kutengeneza pasi. Binti yao mkubwa alijifunza kusuka kwa nesi huyohuyo, akawafundisha watoto wa nesi hesabu. Wengine wakasikia, wakaja. Mwenye kujua jambo alifundisha, asiyejua alikaa chini akasikiliza.

Mama alikaa pembeni na glasi yake ya maji kama mgeni. Alimtazama mumewe, miwani puani, akiendesha cherehani yake yeye mama, na pindo likitoka limenyooka. Karibu na dirisha muashi mmoja mtu mzima alikuwa akisoma gazeti kwa kufuatisha kidole, na aliyekuwa akimsahihisha ni Chiriku.

"Mjomba, toa kidole," alimwambia. "Umeikalia herufi."

Watu walicheka. Mama naye alicheka. Herufi ya kwanza kabisa mtoto huyu aliisoma siku gani, amekaa wapi, kwenye mapaja ya nani?

Nesi, shoga yake wa siku nyingi, alisema kwa nia njema kuwa leo ni zamu ya mama kufundisha. Mama akajipekua moyoni. Kusuka walijua. Kushona walijua. Alichojua yeye peke yake ni kumgeuza mgonjwa bila kumchubua, na hilo hakutaka kuliingiza sebuleni kwake. Akasema anakwenda kuchemsha chai.

Jikoni alifungua kabati moja, akafungua la pili, asijue sukari inakaa wapi siku hizi. Mumewe akamkuta amesimama tu.

"Mmejifunza vizuri," alimwambia bila kugeuka. "Sina kazi tena humu ndani."

"Kila nilichoshika nilikuwa nakuwaza wewe ungekishikaje," mumewe alisema. "Haikunijia kwamba tunakuzibia nafasi."

Mlangoni akatokea Chiriku na kitana mkononi, akimtafuta dada yake amsuke. Mama akavuta kigoda, akakaa, akaomba yeye ndiye amsuke. Mtoto alimpima kwa macho, kisha, kwa adabu wanayopewa wageni, akakubali na kuketi katikati ya miguu yake.

Mama alipopitisha kitana nyuma ya sikio, mtoto alishtuka.

"Hapo panauma. Nina kovu."

"Uliumia lini?"

"Zamani. Nilianguka ngazini, nesi akanishona. Anza huku nyuma, ukifika hapo uende polepole. Nitakufundisha."

Mama akaanza nyuma. Alipofika kwenye kovu alilipapasa kwa ncha ya kidole, dogo kama punje ya mchele, akauliza ilitoka damu kiasi gani, nani alimbeba, alimwita nani alipokuwa akilia.

"Nilimwita baba," mtoto alisema, akaendelea kusimulia.

Binti mkubwa alikuja akasimama mlangoni, akaona mistari inavyokwenda upande, akawaacha. Chai haikuchemshwa siku hiyo. Mama alisuka taratibu kuliko ilivyohitajika, akiuliza, akijibiwa, akirekebishwa, na kila jibu lilimwonyesha siku nyingine nzima iliyopita bila yeye.

Walipomaliza, Chiriku alijitazama kwenye kioo kwa muda mrefu.

"Jumapili ijayo utajaribu tena," alisema.

Mama alisema atajaribu.