Gesti Yenye Taa Nane

Papa alinipa kazi moja tu mwaka ule, nami nikaiharibu kwa kujifanya binti mwenye heshima.

Mwalimu Makokha, baba yangu, alifundisha jiografia Myanga kwa miaka thelathini. Januari daktari alimwambia presha ya macho imemla sana, na uoni uliobaki huenda usimalize mwaka. Hakulalamika. Alinipigia simu Kitale, ninakofanya kazi serikalini.

"Mayi, nitafutie mahali pa kulala, pawe na giza. Nataka nione nyota vizuri mara moja kabla haya macho hayajafunga."

Huniita Mayi, yaani mama, kwa sababu nimepewa jina la mama yake, Nabwile. Nyumbani kwake nyota zilishafukuzwa na mulika mwizi, ile taa ndefu ya sokoni.

Nilipata pahali pawili. Juu ya Chwele, mlimani, Mama Chepkemei alikuwa na vibanda vinne vya wageni: hakuna stima, choo ni cha nje, maji ya kuoga yanachemshwa kwa kuni. Hakuficha kitu. "Huku ni giza, madam. Ukizima tochi, hata mkono wako huoni." Pa pili palikuwa gesti mpya nje kidogo ya Kitale, vigae mpaka kwenye ngazi, maji moto, uwanja mpana. Nikamfikiria dada yangu Bilha kwenye kundi la familia la WhatsApp: ati mwalimu mzima amelazwa gizani kama mlinzi wa shamba? Kwetu mgeni wa heshima huwashiwa taa. Nikachagua gesti. Nilijiambia uwanja ni mpana na anga ni ile ile.

Ujinga mtupu. Giza lilipoingia, taa nane za ulinzi ziliwaka kwa pamoja, uwanja wote ukawa mchana. Nilimkimbilia Kipkorir, soja wa getini, nikamwomba azime hata mbili.

"Siwezi, madam. Kitu ikipotea, mimi ndio nafutwa."

Papa alisimama katikati ya nyasi, uso juu, amekinga mwanga kwa viganja vyote viwili. "Naona weupe tu," alisema. Kisha akanigeukia. "Si tutoke nje ya geti, tutembee kidogo mpaka kwa ile shamba?"

"Usiku huu, Papa? Na hii baridi? Mwezi ujao nitakupeleka kwa Chepkemei."

"Ni sawa, Mayi."

Hatua mia mbili tu. Ningemshika mkono. Badala yake asubuhi nilimpiga picha penye vigae, nikaituma kwenye kundi, na Bilha akajibu kwa mioyo kumi.

Mwezi uliofuata kulikuwa na semina kazini. Machi mvua ikaja, mawingu yakaukalia mlima. Kila nikisema wiki ijayo, nilikuwa naamini. Agosti nilimtembelea Myanga, nikamwona akimimina chai pembeni ya kikombe, juu ya meza, na hakujua.

Mwanzoni mwa Oktoba tulikwenda kwa Chepkemei hata hivyo, Papa alitaka mwenyewe. Mama yule alimshika mkono mpaka kwenye kiti, akamfunika blanketi, akatuacha. Niliinua kichwa nikataka kupiga kelele. Anga yote ilikuwa imejaa, na aliyekuwa akiitazama ni mimi ambaye sikuiomba.

"Niambie," Papa akasema. "Kuna nini?"

"Nyota, Papa. Nyingi sana."

"Na Kilimia? Zile ndogo zimebanana pamoja."

Sikuijua. Tulipokuwa watoto alikuwa akituita nje atuonyeshe, Bilha akitoka mbio, mimi nikibaki jikoni penye joto. Nilinyoosha kidole gizani, kana kwamba angekiona.

"Ile pale, juu yetu kabisa. Inang'aa vizuri, Papa."

"Sasa ni saa ngapi?"

"Saa mbili na nusu."

"Basi haijatoka, Mayi. Mwezi wa kumi ukianza, inatoka karibu saa nne."

Nilitamani ardhi inimeze. Yeye hakukasirika. Alipapasa hewani mpaka akaupata mkono wangu, ule ule niliodanganya nao, akaugeuza polepole upande wa mashariki.

"Kaa hapa na mimi," akasema. "Ikitoka, nitakuonyesha."