Funguo za Don Abundio

Don Abundio Chacaj alikuwa mwenyekiti wa kigango cha Mtakatifu Petro, pale Tecuilapa, milimani Guatemala, tangu ndevu zake zikiwa nyeusi. Padre alifika mara moja kwa mwezi; siku nyingine zote kanisa lilikuwa Abundio, na Abundio ndiye kanisa. Alimpenda sana Baba Mtakatifu, hasa kwa kuwa yuko mbali.

Mkwewe Wilmer, mchungaji wa walokole wa ng'ambo ya soko, alimchokoza kila Jumapili mezani. Jumapili hiyo, tamale za unga wa mahindi hazijamenywa hata majani yake, Wilmer alisema mwamba wa Mathayo kumi na sita ni ile imani aliyoikiri Petro, si Petro mwenyewe. Abundio akakataa katakata. Yesu alimbadilisha Simoni jina, akamwita Mwamba, akamkabidhi funguo, kama Eliakimu, msimamizi wa jumba la mfalme katika kitabu cha Isaya, alivyowekewa begani ufunguo wa nyumba ya Daudi. Msimamizi akiondoka, cheo hubaki, anakikalia mwingine. Ndiyo maana yupo Papa.

Wilmer akamkumbusha kwamba aya chache mbele Petro huyo huyo aliitwa Shetani.

"Na bado aliombewa imani yake isitindike," Abundio akasema. "Akaambiwa alishe kondoo. Wewe uliambiwa na nani?"

"Na Roho."

Doña Eduviges, mke wa Abundio, akawaongezea kahawa. Alijua kuwa waumini waliothubutu kumhoji Wilmer walifukuzwa kwa kosa la kumgusa mpakwa mafuta wa Bwana.

Ndipo Padre Nahúm alipobisha hodi. Alikaa, akala, kisha akaeleza kwa upole kwamba askofu ameagiza wenyeviti waliokaa muda mrefu wawapishe wengine. Kigango kimemchagua Doña Tránsito, muuza maua. Amekuja kuomba funguo za kanisa.

Abundio akajifuta midomo. Alisema askofu ni mtu wa mjini, Tecuilapa haijui. Yeye anamtii Papa.

"Na huyo askofu kawekwa na nani?" Eduviges akamuuliza.

Wilmer alicheka mpaka kahawa ikampalia. "Karibu kwetu, baba mkwe. Umeshakuwa Mprotestanti."

"Usicheke wewe," Eduviges akamgeukia. "Mwenzako anamkubali Papa ila hamtii. Wewe unamkataa Papa ili kiti chake ukikalie mwenyewe. Wote wawili mnagombea funguo. Kulisha kondoo mmeniachia mimi."

Padre akainamia sahani yake. Funguo hazikutoka mfukoni mwa Abundio.

Jumapili iliyofuata Abundio alijifungia kanisani. Watu walisali na padre, ambaye safari hii alibaki wiki nzima, kwenye uwanja wa mpira, na meza ya misa ilikuwa ile ya jikoni kwa Eduviges. Wimbo ulimfikia Abundio dirishani. Alijaribu kuitikia peke yake. Mtu mmoja hawezi kuwa kwaya. Mwishowe alitoka, akavuka uwanja mbele ya macho yote, akampa Tránsito funguo. Hakuna aliyemcheka, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Kanisa la Wilmer nalo likapasuka kabla ya mavuno. Sasa yako mawili, kila moja na mpakwa mafuta wake.

Abundio hukaa benchi la nyuma. Tránsito akisoma somo, yeye hutangulia kunong'ona kila neno, ili jirani zake wasisahau nani analijua vizuri zaidi.