Mama Vuta na Mkanda wa Mdogo Wake

Mimi ni mlinzi wa geti katika yadi ya malori, na watu hawanipendezi kirahisi. Lakini yule dada mkaguzi namvulia kofia. Madereva wamembatiza Mama Vuta, kwa sababu haridhiki kuutazama mkanda wa usalama kwa macho tu. Hupanda, hukaa kitini kama dereva, hujifunga, kisha hujitupa mbele kwa ghafla. Mkanda usipomkamata, lori halitoki, hata uwe mtoto wa nani.

Jana ikawa zamu ya mdogo wake, tumbo moja. Kijana alikuwa amepata safari yake ya kwanza ndefu, mzigo umeshapakiwa, na asipotoka asubuhi ile tajiri mwenye lori angempa safari hiyo dereva mwingine. Dada mtu akapanda. Juu ya mkanda akakuta kibanio cha kuanikia nguo.

"Hiki cha nini?"

"Kiti kinarukaruka, dada. Kila shimo mkanda unanibana tumbo, nikaulegeza kidogo." Akakichomoa. "Haya, kimetoka. Niruhusu niende."

Dada mtu akajifunga. Akauvuta mkanda hadi mwisho, akauachia. Ukabaki umelala mapajani kama mlevi, haurudi. Akajitupa mbele hivyo hivyo, kifua kikagonga usukani. Kishindo nilikisikia nikiwa chini, nikaumia mimi. Akashuka akijisugua.

"Lori halitoki mpaka ufungwe mkanda mpya."

"Mkanda mpya unakuja kesho," kijana akasema. "Kweli kikulacho ki nguoni mwako. Dada yangu mwenyewe unanimwagia unga? Nampigia mama."

"Mpigie. Weka sauti kubwa, tusikie wote."

Akapiga, akashitaki weee, mpaka nikamwonea aibu. Mama yao hakumkatiza. Alipomaliza, mama akasema taratibu, "Baba yako aliondoka na lori lenye mkanda mbovu wewe ukiwa tumboni, akarudi maiti. Angekuwa na dada kama huyo, ungemjua sura."

Kijana akakaa kwenye ngazi ya lori, simu mkononi. Baadaye akainuka, akampa dada yake funguo.

Mchana mzigo ukahamishiwa lori jingine, dereva mwingine. Mama Vuta akaenda kulikagua na lile, na kifua chake kile kile kinachouma. Mdogo wake ndiye aliyemshikia mlango.