Joho la Shujaa

Kwa miaka kumi na miwili fundi cherehani na shemeji yake kinyozi walibishana kupitia ukuta wa mbao uliotenganisha vibanda vyao. Kinyozi alizipenda mno filamu za mashujaa wanaoruka angani, fundi alizibeza. "Joho refu vile! Lingemkaba koo kabla hajavuka paa!" alikuwa akifoka.

"Wewe unatazama mshono tu, moyo huuoni," shemeji alimjibu, mkasi ukilia.

Wiki tatu baada ya kumzika shemeji, mteja aliyekuja kupunguza suruali akaanza kuiponda filamu mpya. "Upuuzi mtupu, mzee. Joho lile si lingemnyonga?"

Fundi akasimamisha cherehani. "Upuuzi? Wewe unatazama mshono tu, moyo huuoni! Mtu anaingia motoni kuokoa watoto wasio wake, wewe umeng'ang'ania kitambaa?"

Mteja akainua mikono. "Basi yaishe, mzee. Umeshinda."

Akachukua suruali yake, akaenda zake. Fundi alibaki ameinama, sikio lake likiwa ukutani. Katika miaka yote ile, shemeji hakuwahi hata siku moja kukubali kushindwa.